Kiduha Shambani: King'oe Kabla Hakijatoa Mbegu

Mahindi yamedumaa, majani yamekuwa ya njano, na mchana yananyauka ilhali udongo bado una unyevu. Jirani anakwambia shamba limerogwa. Inama utazame shinani. Ukikuta kijimea chembamba, kimo cha shubiri moja hivi, majani yake yanakwaruza na kina ua dogo jekundu, hicho ni kiduha.

Kiduha huota, huchanua na kufa ndani ya msimu mmoja. Huku Pwani tunacho chekundu. Ndugu yake wa zambarau, mrefu zaidi, anasumbua Kanda ya Ziwa. Mbegu za kiduha ni kama vumbi. Mmea mmoja unaweza kumwaga zaidi ya 50,000, nazo hukaa ardhini zikiwa hai kwa miaka 10 na zaidi. Hazioti ovyo. Husubiri mzizi wa mahindi, mtama, uwele au mpunga wa nchi kavu utoe kemikali fulani, ndipo huota, hujichomeka kwenye mzizi huo na kunyonya maji na chakula.

Madhara mengi hutokea kabla hakijachomoza. Kwa hiyo kung'oa hakutayaokoa sana mahindi ya mwaka huu, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Unang'oa kwa ajili ya msimu ujao. Palizi ya kwanza huwa haikikuti. Rudi shambani mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele, na urudi tena baadaye.

Wakulima wa hapa kwetu Bungu, Pwani, wana bahati moja: ufuta na kunde, mazao tuliyoyazoea, huiamsha mbegu ya kiduha bila kuilisha, ikafa. Panda hayo msimu mmoja au zaidi kabla ya kurudi kwenye mahindi. Shamba lenye mchanga uliochoka liongezee samadi, maana kiduha hustawi penye udongo dhaifu. Wanaolima mtama waulizie Hakika na Wahi, mbegu zinazokihimili, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002.

Kilichokwisha kuchanua usikiache kwenye tuta wala usiwape ng'ombe, kwa kuwa mbegu hutoka hai kwenye kinyesi. Kichome moto. Jembe ulilotumia likung'ute udongo hapohapo kabla ya kuhamia shamba jingine, na mahindi ya mbegu yasianikwe chini kwenye shamba lenye kiduha. Ukiwa na shaka, mpelekee afisa ugani wa kata mmea mzima, na mizizi yake.