Hali ya Masharti: -nge- na -ngali-

Chukua mfano wa mwanachuo afanyaye mazoezi ya mbio kila alfajiri katika uwanja wa Kakyeka, mjini Mbarara. Amekosa vipindi kwa sababu ya mashindano, na zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Mkufunzi mmoja aandika katika ripoti:

(1) Angefundishwa jioni, angefaulu.

Mwenzake aandika:

(2) Angalifundishwa jioni, angalifaulu.

Sentensi (1) yaonyesha kuwa msaada haujatolewa, lakini wakati ungalipo. Sentensi (2) yasema jambo limekwisha: hakufundishwa, naye hakufaulu. Kiambishi kimoja tu, nacho chamhukumu mtu kabla hajaufanya mtihani!

Katika mazungumzo, iwe Kamukuzi au katika makazi ya Nakivale, -nge- hutumika kwa hali zote mbili, wala si dhambi. Katika ripoti ya mwanafunzi, tofauti hii na ihifadhiwe. Viambishi hivi pia visichanganywe katika sentensi moja.

Ukanushi: asingeachwa peke yake, asingeshindwa, asingaliachwa, asingalishindwa.

Zoezi
Mwanariadha amerejea kutoka mashindanoni siku mbili kabla ya mtihani. Mwandikie mkuu wa idara sentensi tatu za kumwombea msaada, ukitumia -nge-. Kisha zigeuze ziwe za -ngali-, ueleze ni nani aliyechelewa.