Coastal Union ijengwe vipi?

Swali: Msomaji wa Kwamkoro, anayesikiliza mechi redioni akitoka kuchuma chai, anauliza: Coastal Union ikiyumba, isajili nani ili ikwepe mechi za mchujo wa kushuka daraja?

Jibu: Ianzie nyuma, kwa kipa na mabeki. Mwaka 2016 Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zote za Tanga, zilishuka daraja pamoja. Kidonda kile bado kinauma. Lakini msimu wa 2023/24, langoni akiwa Mkongomani Ley Matampi, Coastal, ‘Wagosi wa Kaya’, walimaliza wa nne kwenye ligi, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika.

Tatizo ni kuuza bila kuziba pengo. Beki Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga 2020. Abdul Suleiman ‘Sopu’, aliyeifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la FA la Tanzania 2022, akachukuliwa na Azam. Mrithi aandaliwe kabla nyota hajaondoka.