Majina Kwanza, Skana Baadaye

Wengi wakiamua kuokoa picha za zamani za familia hukimbilia kutafuta skana. Mimi ningeanza na bibi aliyekaa barazani. Karatasi inaweza kungoja miaka mingine michache. Anayewajua waliomo pengine hangoji.

Keti naye, mpe picha moja moja, na akikuruhusu washa kinasa sauti cha simu. Usimsumbue kwa kuuliza mwaka. Muulize nani amesimama wapi, harusi ilikuwa ya nani, nyumba ile iko mtaa gani. Mwaka utajitokeza wenyewe: "Hapo nilikuwa na mimba ya baba yako." Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia: la mtu, la baba yake, la babu yake, na la utani pia, maana wapo wajomba ambao ukoo mzima haujui jina lao jingine. Usiandike "shangazi" au "Mama Asha" ukaishia hapo. Shangazi wa nani? Mjukuu wako atakapoyasoma, akina Asha watakuwa watano.

Kama hakuna wa kumuuliza, geuza picha utazame mhuri wa studio. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, kwa mfano, ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, hivyo picha yenye mhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mhuri wenye neno Tanganyika yaelekea ulichongwa kabla ya Muungano wa 1964, ingawa mpiga picha mbahili angeweza kuendelea kuugonga mpaka uishe. Kanga nazo ni shahidi. Wako kina mama ambao wakiisoma kanga pichani hukumbuka ilivaliwa sana lini.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha mtaro unaojitokeza mbele. Picha nyingi za rangi zina utando wa plastiki nyuma na penseli haishiki. Hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu ya bahasha kabla ya kuzitia.

Adui mkubwa wa picha huku pwani ni unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota. Kwa hiyo usiweke sanduku la picha sakafuni, wala juu darini chini ya bati, wala kwenye kabati lililoegemea ukuta wa bafu. Rafu ya katikati katika chumba cha ndani inatosha. Shika picha kwa mikono mikavu isiyo na mafuta ya nazi.

Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, zilizokuwa fahari ya kila sebule, ndizo zinazoharibu picha polepole: gundi hugeuka njano na kung'ang'ania. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha kuanzia kona moja, taratibu, kama unayekata kwa msumeno. Ikigoma, iache, uskani ukurasa mzima. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute wala kuiloweka. Iskani pamoja na kioo chake. Ukitia nyingine kwenye fremu, weka vipande vyembamba vya kadibodi pembeni ili isigusane na kioo.

Katika kuskani, tanguliza picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980. Rangi zake hupauka hata gizani, wakati nyeusi-na-nyeupe iliyosafishwa vizuri huishi zaidi. Doti 600 kwa inchi zinatosha kwa picha za kawaida. Huna skana? Piga kwa simu karibu na dirisha, kivulini, bila flashi. Mafaili yape majina yanayoanza na mwaka, kama 1978-Tanga-harusi, yajipange yenyewe. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora.

Negativi usizitupe. Nakala ziwe kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski nyingine kwa dada anayeishi mji mwingine. Flashi ya USB ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Kila mwaka chomeka diski zote mbili, fungua mafaili machache, uone kama bado zinasoma.