Ridhaa ya Binti: Habari za Munaku wa Buganda



Wanyanga wa Walikale husimulia habari za Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliyewaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Atakayezaa mtoto wa kiume, auawe. Nilipokuwa mdogo nilistaajabu: kumbe yuko mtu apendaye mabinti kiasi hiki! Baadaye nikatambua kwamba binti huolewa, na aolewapo mahari huingia nyumbani. Basi yawezekana kumpenda binti kama mtu ampendavyo mbuzi wake.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua Wakristo wengi. Tarehe 31 Mei aliuawa Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana. Huyu alikuwa na umbu lake, jina lake Munaku, mkatekumeni kama ninyi, asiyebatizwa bado. Munaku aliwafuata askari njiani, akataka auawe yeye pia. Mkuu wao, Mbugano, hakumwua. Alimteka, akataka kumfanya mke wake. Munaku akakataa. Akafungwa, akazidi kukataa. Mwishowe Mbugano alimtoa kwa Padre Lourdel wa misioni, akapewa bunduki. Tazameni: hata siku ya kukombolewa kwake, mwanamke huyu alikuwa na bei! Tarehe 22 Agosti mwaka ule ule alibatizwa, akaitwa Maria Matilda.

Lifikirini neno lile "sitaki". Zamani zile mateka wa kike alikuwa mali ya aliyemteka, wala hapakuwa na baraza la kumsikiliza. Kaka yake amekwisha kufa. Alikuwa na kinywa chake tu.

Baadaye alimwekea Mungu nadhiri ya ubikira, jambo geni kabisa kwa watu wake. Mwaka 1899 Masista Weupe walifika Buganda, na mwaka 1910 likaanza shirika la Bannabikira, masista Waafrika. Hivyo mwanamke asiye na mume aliweza kufundisha na kuheshimiwa.

Lakini msidhani kwamba ridhaa ni ya watawa tu. Sheria ya Kanisa, kanoni 1057, yasema kwamba ridhaa ya wenyewe ndiyo ifanyayo ndoa, wala hakuna mwanadamu awezaye kuitoa badala yao. Ndiyo sababu padre humwuliza bibi arusi mwenyewe, hamwulizi baba yake. Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 2009, imekataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18. Na mwaka 2016 iliondoa sharti la mwaka 1987 lililomtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mkataba au kwenda mahakamani. Mahari haikufutwa, nasi hatuikatai. Ni ushuhuda wa undugu wa jamaa mbili. Ubaya huanza mbuzi wafikapo kabla binti hajaulizwa.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu wa darasa la sita hakuonekana kwa majuma matatu. Nikaenda kwao. Baba yake alinikaribisha vizuri, akaniambia kwamba mbuzi wamekwisha kupokewa. Nikamwuliza, "Binti mwenyewe alisema nini?" Akanyamaza kitambo, akajibu, "Mwalimu, hatukumwuliza."

Maswali ya Jumapili ijayo:
Munaku alikuwa bado hajabatizwa. Nguvu ya kukataa aliipata wapi?
Katika ukoo wenu, ni nani amwulizaye binti, na humwuliza lini?