Bima ya Maisha kwa Mtoto: Nani Atie Saini?

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wanaoishi na kufanya kazi katika jimbo la New York, Marekani. Sheria za bima nchini humo hutungwa na kila jimbo, hivyo aliyehamia New Jersey au Texas asizichukue kanuni hizi kama zilivyo. Wala asitegemee alizozizoea kwingine. Nchini Kenya mzazi huhesabiwa kisheria kuwa ana maslahi katika uhai wa mtoto wake aliye chini ya miaka 18, ilhali Ufaransa kimsingi inakataza bima ya kifo kwa mtoto asiyetimiza miaka 12.

Kanuni ya New York imo katika kifungu cha 3205 cha Sheria ya Bima. Huwezi kukata bima juu ya uhai wa mtu mwingine ila awe ameiomba mwenyewe, au ameridhia kwa maandishi kabla mkataba haujafungwa au wakati unapofungwa. Mume na mke wametolewa katika kanuni hiyo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 na miezi 6 naye hatakiwi kuridhia: saini ya mzazi inatosha. Inatosha pia saini ya mtu ambaye mtoto anamtegemea kwa matunzo. Kwa hiyo mjomba anayemlea mpwa wake hana sababu ya kujiandika baba kwenye fomu. Aandike uhusiano ulivyo.

Kwa kuwa mtoto huyo haulizwi, sheria imeweka ukomo wa fedha. Kifungu cha 3207 kinaruhusu dola 50,000, au nusu ya bima ya maisha aliyonayo mwombaji mwenyewe, kutegemea kipi ni kikubwa. Mtoto akiwa chini ya miaka 4 na miezi 6, badala ya nusu ni robo. Tuseme baba ana bima ya dola 240,000. Bintiye wa miaka 8 anaweza kukatiwa hadi dola 120,000, na mdogo wake wa miaka 3 hadi dola 60,000. Mama yao asiye na bima yoyote, akiomba yeye, hatavuka dola 50,000 kwa kila mmoja. Fomu ikikuuliza una bima kiasi gani wewe mwenyewe, jibu kwa ukweli; hesabu yote inaanzia hapo.

Ukomo wa namna hii una historia chungu. Mwaka 1873 Mary Ann Cotton alinyongwa huko Durham, Uingereza, kwa kumuua kwa sumu mwanawe wa kambo, mtoto aliyekuwa amekatiwa bima. Miaka miwili baadaye sheria ya huko iliweka malipo ya kifo cha mtoto wa chini ya miaka 5 yasizidi pauni 6, na wa chini ya miaka 10 yasizidi pauni 10. Mzazi mwema asione haya kuulizwa maswali. Hayakutungwa kwa ajili yake.

Mtoto akishafika miaka 14 na miezi 6, mambo yanageuka. Sheria inamwona ana uwezo wa kuingia mkataba wa bima juu ya uhai wake, na ridhaa yake ya maandishi ni lazima. Keti naye, mwonyeshe kiasi cha bima na jina la mnufaika, kisha atie saini kwa mkono wake mahali pa anayewekewa bima. Wakala mwenye haraka atakwambia, "Tia wewe tu, ni mwanao." Kataa. Saini ya kughushi ni kosa, na siku ya kudai itaipa kampuni hoja ya kukataa kulipa. Kijana wa chuo mwenye miaka 20 naye atie saini mwenyewe, hata kama ada ya bima inatoka mfukoni mwako kila mwezi.

Bima ya kikundi ya kazini haimo katika sharti hili. Ukiwaongeza watoto kwenye bima ya mwajiri, saini zao hazitakiwi.

Wazazi waliotengana wasome kwanza amri ya mahakama. Kifungu cha 3205 hakidai saini za wazazi wote wawili, lakini amri hiyo inaweza kuwa na masharti yake kuhusu bima.

Kwa maoni yetu, mzazi ambaye familia inakula kwa mshahara wake ajikatie bima yeye kwanza. Mtoto haleti mshahara.

Hati ikishafika, una angalau siku 10 za kuirudisha na kurejeshewa fedha zako. Zitumie kukagua jina la mmiliki, jina la mnufaika na, zaidi ya yote, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Kosa la miezi michache linatosha kubadili nani alipaswa kutia saini.