Javeli kwenye udongo wa mboga: je, ni salama?

Swali: Nyanya zangu hapa Ruashi zinanyauka zingali na majani mabichi. Jirani anasema nimwagie udongo javeli au mrututu kabla ya kupanda lengalenga. Kuna hatari?

Jibu: Usimwage, mama. Javeli inafanya kazi sakafuni kwa kuwa hapo haikutani na vitu vingi vya kuimaliza nguvu. Bustanini mboji huimaliza karibu na uso wa udongo: vijidudu vinavyoozesha mbolea hufa, bakteria wanaonyausha nyanya zako, walioko chini, hubaki, na chumvi inayosalia huugandisha udongo. Utaniambia kwamba maji ya kunywa hutiwa klorini, ile ile inayoipa javeli nguvu, wakati wa kipindupindu. Kweli, lakini kwa miligramu chache kwa lita, tena kwenye maji yasiyo na mboji.

Mrututu unanitia hofu zaidi, maana una shaba, na shaba haiozi. Ruashi, huku Katanga, imepakana na mgodi wa shaba na kobalti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa Wakatanga wanaoishi karibu na migodi. Kwa nini tuongeze metali penye metali tayari?

Ng'oa miche iliyonyauka pamoja na mizizi, uichome. Mwezi wa 9, jua likiwa kali, lowesha tuta, ulifunike kwa plastiki inayopenyesha mwanga kwa wiki 4 hadi 6. Kisha panda mahindi misimu kadhaa, si nyanya, bilinganya wala pilipili. Chokaa ya kilimo nayo hupunguza metali zinazonyonywa na mboga.