Kampuni ikikabidhiwa maji, wewe wa ndoo unalipa kiasi gani?

Ukisikia huduma ya maji imebinafsishwa, usidhani mto umeuzwa. Mara nyingi serikali hubaki na mabomba na mitambo, kampuni ikapewa uendeshaji: kusoma mita, kutoa bili na kukusanya fedha. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam Agosti 2003, kampuni ya City Water ilipoanza kazi chini ya mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Ilikuwa na wabia wa Uingereza, Ujerumani na hapa nchini. Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba, na kazi ikarudi kwa shirika la umma.

Mtu wa kipato cha chini anaguswa wapi? Mwendeshaji, awe kampuni au shirika la umma, humhesabu mwenye mita. Usiye na bomba huonekani kwenye vitabu vyake. Wewe ni mteja wa jirani au wa mkokoteni. Hebu piga hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukinunua ndoo kwa shilingi 100, uniti inakugharimu 5,000. Mkokoteni ukikuuzia 300, ni 15,000. Sasa omba kuona bili ya mwenye mita, usome bei ya uniti moja. Utashangaa nani analipa ghali, na si yule anayemwagilia bustani.

Kwa hiyo, kama bomba kuu liko karibu, nenda ofisi ya DAWASA ya eneo lako ukaombe kuunganishiwa. Fundi atakuja kupima. Gharama hutegemea umbali, basi majirani ombeni pamoja. Dai makadirio kwa maandishi na uulize kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Fedha usimpe fundi mkononi, hata akiwa mcheshi namna gani. Lipa kwa namba ya malipo ya ofisi.

Kama unachota kioski cha mamlaka, bei ya ndoo hupangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukitozwa zaidi, andika malalamiko kwa DAWASA na ubaki na nakala. Wasipokusikiliza, ipeleke nakala hiyo EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, litakusaidia kuandaa malalamiko bila malipo.

Kabla bei haijabadilishwa, EWURA hukusanya maoni ya wananchi. Nenda na hesabu yako ya ndoo, maana mwenye mita atakwenda na bili yake.